Mawe ya Luhende kwenye Mlima wa Wanne

Siku niliyostaafu, mtunza stoo alinikagua kama mtu aliyetaka kutoroka na mali ya serikali. Nilimkabidhi mnyororo wa kupimia, nikamkabidhi timazi, nikamkabidhi zile fimbo za rangi nyekundu na nyeupe ambazo wananchi wamezoea kuziita mikuki ya wapima. Kofia yangu aliniachia, maana ilikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa. Nilipotoka mlangoni bado alikuwa ananiita niseme kifuniko cha darubini kimepotelea wapi.

Nyinyi vijana wa ofisini mliniomba niandike habari za kazi yetu ilivyokuwa zamani. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, na faili lenyewe ni jembamba. Mimi nitawaambia habari za watu walionifundisha kazi, na zaidi habari za mlima mmoja upande wa Geita. Kila nikisikia mpima kijana anajisifu kwamba kazi yetu ni hesabu tu, mlima huo hunijia kichwani.

Nilianza kazi Shinyanga, vita vya Hitler vikiwa vimekwisha si zamani. Nilitoka kwetu Ushirombo nikiwa na cheti cha Mapadri kinachosema najua kusoma na kujumlisha. Nyapara wa kikosi, Mzee Feruzi, mtu wa Tabora aliyekuwa hakosi swala hata tukiwa porini, hakukitazama kile cheti. Alitazama miguu yangu. Akanionyesha mkwaju ng'ambo ya uwanja, akasema, "Nenda pale kwa mstari ulionyooka, kisha urudi." Nilikwenda na kurudi kifua mbele. Akanishika bega, akanigeuza nizione nyayo zangu mwenyewe kwenye vumbi, zimepinda huku na huku kama za mbuzi anayetafuta majani.

"Ulidhani umenyooka," alisema. "Kila mtu hudhani hivyo. Kazi yetu ni kuacha kudhani."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na kwa kweli sijui kama nilipata kubwa kuliko hilo. Mzee Feruzi alikuwa na amri moja tu, na aliirudia mpaka wapagazi wakawa wanamwigiza jioni: sema ulichokiona, ulichokidhani kimeze. Ukimwambia umbali ni "kama" hatua kadhaa, anakurudisha ukavute mnyororo upya juani. Ukimwambia kuna mto mbele, anakuuliza umeulowesha mguu au umeuona kwa mbali. Nilimchukia kwa miezi michache, kisha nikampenda kuliko baba zangu wadogo wote.

Tulipima mbuga za Shinyanga tukiburuta udongo mweusi kwenye viatu, mvua ikinyesha kidogo tu kila mguu unakuwa mzito kama wa ng'ombe. Halafu tukahamishiwa nchi ya dhahabu, Geita. Huko taabu ilikuwa nyingine. Kwanza mbung'o, ambao hawajali cheo cha mtu. Pili wachimbaji. Mchimbaji akimwona mtu anachungulia kwenye darubini, hashawishiki kwamba mtu huyo anatazama kilima tu. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeninunulia chai kila asubuhi akitumaini nitamnong'oneza dhahabu ilipolala. Nilimwambia ukweli kwamba sijui, akasema mtu anayeficha hivyo lazima anajua sana, akaniongezea andazi.

Mkuu wetu alikuwa Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Timazi, kwa jinsi alivyosimama wima hata akila. Hakuwa msemaji, na Mzee Feruzi alizungumza naye kwa Kiingereza cha kazini. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini alipewa kazi ya kujenga bikoni, yaani alama za kupimia, kwenye vilele, ili kutoka kilele kimoja tuweze kupima kingine. Akaweka kidole kwenye ramani, mahali palipokuwa peupe, akasema tutajenga hapo. Mzee Feruzi alimweleza kwamba mahali hapo watu wanapaita Lugulu lwa Bane, yaani Mlima wa Wanne, na kwamba hatapata mpagazi wa kupanda.

Habari yake ilikuwa hivi. Miaka michache kabla, mhandisi mmoja wa mgodini aliyependa kutembea milimani siku za mapumziko alikwenda kule na rafiki yake, Mzungu mwenzake. Wenyeji walishangaa sana, kwa kuwa wao hupanda mlima pale tu ng'ombe anapopotea. Walifuatana na mwalimu wa shule ya misheni kuwa mkalimani, na mwindaji aitwaye Luhende kuwaonyesha njia. Hawakurudi. Waliokwenda kuwatafuta walikuta hema limesimama, wali umeungulia chunguni, debe la maji limepinduka, na viatu vya Wazungu wawili vimo humo ndani ya hema. Wote wanne walikuwa wamelala wamekufa upande wa magharibi wa mlima, mmoja hapa, mwingine kule chini yake. Hawakuwa na jeraha, na fisi hakuwagusa. Daktari aliwatazama, polisi wakauliza maswali, kila mtu akarudi kwake bila jibu.

Watu hawakai bila jibu, kwa hiyo walijitengenezea. Luhende ndiye aliyekutwa chini kuliko wenzake wote, na kando yake kulikuwa na kibuyu kilichojaa maji, kimezibwa kwa gunzi. Basi ikasemwa kwamba aliona wageni wake wanazidiwa, akachukua maji ya kambini, akawakimbia. Ukatungwa na wimbo. Nchi ile watunzi wa ngoma wana ndimi kali, na wimbo ukishapendwa hakuna wa kuuzima. Kila mavuno ulichezwa, na mkewe, Mama Minza, aliusikia kutoka nyumbani kwake.

Si wimbo tu. Vikundi vya kulima, vinavyokwenda shamba kwa shamba kwa ngoma na majembe, vikifika kwenye shamba la Mama Minza vilinyamaza, vikapita. Binti yake Minza, msichana mzuri aliyefikia umri wa kuolewa, hakwenda ngomani hata siku moja. Na kule mlimani, mahali walipolala wale wanne, wenyeji walirundika mawe kama ilivyo desturi pale mtu anapofia njiani, kila apitaye huongeza jiwe lake. Marundo matatu yalirundikwa siku ya kuwabeba. La Luhende lilikuwa na mawe ya mkewe peke yake.

Hayo tuliyasikia kijijini, tukiwa tumekaa siku nzima kutafuta wapagazi. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji kwa niaba ya mtemi, alikuwa mtu mnene, mwenye usinga mkononi na maneno mengi mdomoni. Alituambia watu wake wote wana homa. Mzee Feruzi akamuuliza homa hiyo imeanza lini, akasema tangu mlipotaja mlima.

Asubuhi iliyofuata mwanamke mmoja alikuja kwenye hema letu, akapiga magoti kidogo kama wanavyosalimia.

"Mwangaluka, baba," alimwambia Mzee Feruzi.

"Mwangaluka, mama. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kwangu hakuna habari, hakuna anayekuja. Mimi ni Mama Minza. Nasikia mnatafuta mtu wa kuwapandisha kule juu. Mimi napanda kila kiangazi. Njia naijua kama ya kisimani."

Mzee Feruzi alimkaribisha kigoda. Mama huyo alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya mtu anayelima peke yake. Hakulia na hakulalamika. Alisema atatuongoza, yeye na Minza watabeba maji na vifaa, na anataka kitu kimoja tu.

"Chini ya mahali alipolala mume wangu kuna chemchemi," alisema. "Nimewaambia watu, wanasema ni maneno ya mjane. Nimewaambia waje waone, wanaogopa mlima. Nyinyi kazi yenu ni kusema kitu kiko wapi. Nataka mtu aje aone maji, kisha aseme yako wapi. Basi."

Nilimtazama Mzee Feruzi. Alikuwa ametulia sana, kama alivyokuwa akitulia timazi ikiacha kuyumba. "Tukiyaona tutasema," alijibu. "Tusipoyaona, mama, tutasema pia." Mama Minza akashukuru, "Wabeja, baba. Hilo ndilo nalitaka."

Tulipanda kikosi chetu kidogo tu, na wapagazi wawili kutoka Kahama ambao mlima huo haukuwahusu. Niseme kweli, niliogopa. Mlima wenyewe ulikuwa mzuri mno, na huo uzuri ndio ulionitia hofu zaidi: mawe makubwa yamekaa juu ya mengine kana kwamba kuna mtu aliyapanga, miyombo inatoa majani mekundu, na upepo unaokuja kutoka upande wa Ziwa ukiwa baridi hata saa sita. Mama Minza alitangulia na mfuko wa saruji kichwani, hajaushika. Bwana Timazi, ambaye kumsifu mtu kwake ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda, alisimama kupumua, akamtazama, akavua kofia. Nilikuwa sijapata kumwona akimvulia mtu kofia.

Tulilijenga tuta la bikoni kwa mawe na saruji, tukasimamisha mlingoti, tukakaa kungoja. Katika siku hizo kilele kilizungumza na kilele kwa vioo: mwenzako yuko kilima cha mbali, anakumulikia jua, wewe unaushika ule mng'ao kwenye darubini. Lakini moshi wa nyasi zinazochomwa ulikuwa umeziba upande wote wa Geita, hata mng'ao mmoja haukuja. Bwana Timazi alinung'unika. Mzee Feruzi akaona nafasi yake.

"Bwana," alisema, "bikoni imekwisha. Kanuni inataka mwanangwa akabidhiwe. Aiguse kwa mkono wake, ajue ni yake kuilinda."

"Mwanangwa anaweza kukabidhiwa kijijini," Bwana akasema.

"Kijijini ataigusa wapi, Bwana?"

Ninyi leo mnatuma barua tu. Sisi tulimshika mkuu wa kijiji mkono, tukauweka kwenye saruji, tukamwambia ikivunjwa utaulizwa wewe. Bwana Timazi aliifahamu kanuni, na aliifahamu pia sura ya Mzee Feruzi. Alitazama moshi kwa muda, kisha akaandika amri.

Mwanangwa alipanda siku ya pili akihema, usinga umeingizwa mkandani, akiwa na watu wake kadhaa waliopona homa ghafla kwa sababu hawakutaka aonekane anakwenda peke yake. Aliigusa bikoni haraka kama mtu anayegusa chungu cha moto. Akataka kushuka mara hiyo hiyo. Mzee Feruzi akamshukuru kwa heshima zote, akamwambia tutashuka pamoja, ila kwa upande wa magharibi. Mwanangwa akamwona Mama Minza amesimama na kibuyu kitupu, akaelewa.

"Nyapara," alisema polepole, "wewe ni mgeni hapa."

"Ndiyo, mwanangwa. Mgeni akiomba kuonyeshwa njia, wenyeji humwacha aende peke yake?"

Aliwatazama watu wake. Tukashuka. Tulipita rundo la kwanza, la pili na la tatu, na kila mmoja wa wale wenyeji akaokota jiwe, akaliweka. Tukafika kwenye rundo la nne. Lilikuwa dogo, linafika magotini, mawe yake yamepangwa vizuri kwa mkono wa mtu mmoja. Hapo hakuna aliyeinama. Minza aliangalia pembeni. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilitamani tungekuwa tumepita njia nyingine.

Mama Minza hakusimama. Aliendelea mpaka kwenye ukingo wa jabali, mahali ambapo kwa juu unaona kichaka tu na kudhani mlima umeishia pale. Akateremka kwa kushika mizizi, tukamfuata mmoja mmoja, mwanangwa akisukumwa na kuvutwa. Chini ya jabali kulikuwa na ubaridi. Maji yalikuwa yanatoka kwenye ufa, si mengi, lakini meupe na bila kelele, yanajikusanya kwenye shimo la mwamba, na kando yake umesimama mkuyu ambao watu wawili wasingeweza kuukumbatia. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka huo, visima vya kijijini vilikuwa tope. Mama Minza alitumbukiza kibuyu chake, kikajaa, akakiziba kwa gunzi. Akamnyooshea mwanangwa.

Mwanangwa alikunywa. Akautazama mkuyu toka shinani hadi juu.

"Mti huu ni mkubwa," alisema.

"Mkubwa," Mzee Feruzi alijibu. "Haukuanza kunywa maji haya mwaka huu."

Tukapanda tena mpaka kwenye rundo la nne. Mzee Feruzi aliniamuru nivute mnyororo, nami nikauvuta. Kisha akasema kwa sauti ya kazini, ile ile aliyotumia kutaja pembe na umbali: "Maji yako chini. Alipolala mtu huyu pako juu ya maji. Marundo ya wenzake yako juu zaidi. Hayo ndiyo niliyoyaona." Akafunga mdomo. Nilijua ana mengine kichwani, kila mmoja wetu alikuwa nayo, lakini aliyameza kama alivyotufundisha.

Mwanangwa alikuwa anatazama chini. Nilimwona Mama Minza ameshika kibuyu kile kwa mikono miwili. Miaka yote ile alikuwa amewaleta watu mpaka hapo kwa maneno tu, na sasa walikuwa hapo kwa miguu yao. Kama mwanangwa angesema sioni kitu, mambo yangekuwa yamekwisha, na wimbo ungeendelea.

"Mimi nilikuwa mmoja wa waliombeba," mwanangwa alisema mwishowe. "Nilimshika huku mabegani. Kichwa chake kilielekea juu." Akaonyesha kwa usinga, kuelekea marundo matatu. "Nilisema alianguka akitazama nyuma kuona kama anafuatwa. Hapakuwa na maji chini, ndivyo nilivyojua, kwa hiyo nilisema hivyo."

Mmoja wa watu wake akauliza, "Sasa alikuwa anapanda?"

"Alikuwa anapanda," mwanangwa akasema. "Alikuwa anawapelekea."

Akamgeukia Mzee Feruzi, macho yamelowa. "Basi niambie, nyapara. Ni nini kiliwaua?"

"Sijui, mwanangwa," Mzee Feruzi alisema. "Wala sitakuambia ninachodhani."

Mwanangwa aliinama kwa shida, tumbo likimzuia, akaokota jiwe. Hakuliweka mara moja. Alimwambia Mama Minza, "Wimbo ule nami niliucheza, mama." Mama Minza akamjibu, "Nilikusikia. Sauti yako naijua." Hakuongeza neno la kumlaumu wala la kumfariji. Mwanangwa akaweka jiwe lake. Kisha wale wengine, mmoja baada ya mwingine. Bwana Timazi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia maji ya kunawa tu, aliuliza nini kinaendelea, nikamweleza kwa kifupi. Naye akatafuta jiwe, akachagua kubwa, akaliweka. Katika ramani iliyotoka baadaye alitia alama ya chemchemi kwa mkono wake mwenyewe, ingawa hakuna aliyekuwa amemwagiza.

Ndipo Mama Minza akaketi chini na kulia. Alilia kwa sauti, kama siku ya msiba yenyewe, na Minza akamshika. Tuliondoka polepole tukawaacha. Msimu wa kulima ulipofika tulikuwa bado tuko vilima vya jirani, na siku moja nilisikia ngoma ya majembe upande wa kwao. Nilichukua darubini ya serikali, jambo lisiloruhusiwa, nikatazama. Shamba la Mama Minza lilikuwa limejaa watu.

Nimepima sehemu nyingi baada ya hapo. Nimepima njia ya mizigo ya Isaka, nimepima viwanja vya Chato nikilala na mbu wa Ziwa, nimefundisha vijana ambao leo wana magari. Mzee Feruzi mguu ulimsumbua, akatibiwa hospitali ya Kolandoto, akarudi Tabora kupumzika na huko akafariki. Kila nilipoandika kipimo nilimwona nyuma ya bega langu akiuliza, umeulowesha mguu? Sijawahi kufanya kazi na mtu niliyemheshimu zaidi, isipokuwa labda yule mama, ambaye hakuwa mfanyakazi wetu.

Kiangazi kilichopita, nikiwa sina tena cha kufanya, nilipanda basi nikaenda Mlima wa Wanne. Mama Minza hayupo tena duniani. Minza nilimkuta ni bibi mwenye wajukuu, akanisalimia shikamoo ingawa mvi zetu zinalingana, akanipandisha yeye mwenyewe. Bikoni yetu imevunjika. Mlingoti umekwenda kuezeka nyumba ya mtu, mzizi umepasua saruji, na mawe yametawanyika. Nilisikitika kidogo. Lakini tuliposhuka magharibi nilisimama. Rundo la Luhende limenizidi kimo, ni kubwa kuliko yale mengine matatu yote. Watu wanaokwenda kuteka maji hupita hapo, na wengi wao, aliniambia Minza, hawajui hata kisa chake. Wanajua tu kwamba huyu alikuwa akipeleka maji.

Kilichowaua hao wanne hakijajulikana mpaka leo. Ninacho ninachodhani, na nimekimeza.

Maisha yangu yote ya kazi nimewakaripia watu wanaochukua mawe ya bikoni. Siku ile, kabla ya kushuka, niliokota moja kwenye lile tuta letu lililovunjika, lenye saruji ya Mzee Feruzi bado imeng'ang'ania upande mmoja, nikalibeba mpaka kwa Luhende, nikaliweka juu. Mtunza stoo akilihitaji, anajua lilipo.